Nitaandika Nini Hapa? Polisi, wagonjwa wa akili na safu iliyokosekana kwenye OB

Blogu imelala kwa muda, najua, na wapo walioniandikia kuuliza sehemu ya pili ya makala ya PostgreSQL iko wapi. Itakuja. Leo nina jambo jingine ambalo limenikaa kichwani, na ingawa mwanzoni halitafanana na mambo ya kompyuta, nivumilieni. Tutafika kwenye jedwali.

Naishi Kinoo, mwendo mfupi kutoka Waiyaki Way. Katika ploti yetu kuna mama mmoja ambaye kijana wake aliugua akili akiwa chuoni. Akimeza dawa ni mtu mpole kabisa, hunisaidia kupandisha mtungi wa gesi hadi orofa ya tatu. Dawa zikiisha, au pesa za dawa zikiisha, ambalo ni jambo lile lile, huanza kutembea usiku. Usiku mmoja alishuka hadi stegi, akasimama kando ya barabara kuu akihutubia magari. Mtu akapiga simu. Gari la polisi likaja, akatiwa pingu, akapakiwa nyuma.

Mimi na mama yake tulifika kituoni kwa miguu. Kituo chenyewe sitakitaja. Afande wa zamu hakuwa mtu mbaya, alitusikiliza. Mama akamwambia, "Afande, huyu si mlevi wala mwizi, ni mgonjwa, na cheti cha hospitali ndicho hiki." Afande akakitazama cheti, akalitazama lile daftari kubwa mbele yake, akasema, "Nimekuelewa mama. Lakini hapa nitaandika nini?" Akaandika kwamba kijana alikuwa akileta fujo mahali pa umma. Kisha akampa mama namba ya OB kwenye kipande cha karatasi.

Swali la yule afande ndilo lililonifanya niandike haya. Kazi yangu ni kutengeneza databesi. Mtu akikwama mbele ya fomu na kuuliza aandike nini, kwa kawaida kosa si lake, ni la aliyeichora fomu. Nikaanza kutafuta nani aliyeichora hii ya kwetu, na nikajikuta nimerudi nyuma zaidi ya miaka 160.

Sheria ya kwanza ya wagonjwa wa akili iliyotumika Kenya haikuandikwa kwa ajili ya Kenya. Iliandikwa kwa ajili ya Uhindi mwaka 1858, na Waingereza wakaihamishia Afrika Mashariki pamoja na rupia na mafundi wa reli. Kwa lugha yetu ya waandishi wa programu, walinakili kodi ya mradi mwingine wakaibandika bila kuisoma. Ndani yake darogha, yaani mkuu wa polisi wa eneo huko Uhindi, alipewa jukumu la kumkamata yeyote anayezurura na kudhaniwa kuwa kichaa, na yeyote anayeaminiwa kuwa hatari kwa sababu ya kichaa, ampeleke kwa hakimu. Angalieni mpangilio huo. Polisi ndiye wa kwanza, hakimu wa pili, na daktari anaitwa baadaye kutia sahihi. Sheria hiyo ilidumu Kenya hadi 1949.

Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya vichaa Nairobi, katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 ikaitwa Hospitali ya Akili ya Mathari. (Kwa wale mtakaotafuta habari zake kwenye mtandao: hospitali huandikwa Mathari, mtaa wa mabanda ulio jirani huandikwa Mathare, na magazeti huchanganya. Tafuteni kwa herufi zote mbili, la sivyo mtakosa nusu ya habari.)

Lazima niseme jambo moja zuri kuhusu makaratasi ya enzi hizo. Cheti cha daktari chini ya sheria ile ya 1858 kilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya dalili ambazo daktari ameziona kwa macho yake mwenyewe, na ya pili ya mambo aliyoambiwa na watu wengine. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitabasamu. Karne ya 19, hakuna kompyuta, na mtu alikuwa ameshajua kwamba alichoona shahidi na alichosikia havifai kuwekwa katika safu moja! Nimekagua programu za serikali za miaka hii ambazo hazijafikia hapo.

Lakini fomu nzuri mikononi mwa mtu mwenye nia nyingine ni hatari, na hapa ndipo tunakutana na Elijah Masinde. Wabukusu na watu wa Magharibi mnamfahamu: mcheza mpira hodari wa zamani, kisha mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, aliyewaambia watu waziwazi kwamba wazungu waondoke. Katikati ya miaka ya 1940, baada ya kukorofishana na maofisa wa serikali, alikamatwa, akafikishwa mahakamani, na mwisho wake akapelekwa Mathari. Alikaa humo hadi 1947. Februari 1948 wafuasi wa dini yake walipambana na polisi Malakisi, polisi wakafyatua risasi na watu 11 wakafa. Masinde akakamatwa tena, na safari hii hawakumpeleka hospitali, alihamishiwa mbali na kwao kwa zaidi ya miaka 10. Je, alikuwa mgonjwa? Sina haja ya kumpima akili leo. Ninachosema ni kwamba neno "kichaa" kwenye karatasi ya serikali lilifanya kazi ambayo kesi ya kawaida ingeifanya kwa shida zaidi. Anayetaka kuongeza safu ya ugonjwa wa akili kwenye daftari la polisi, nami nimo, amkumbuke Masinde kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa kodi.

Wakati Masinde anafungiwa Mathari, mkuu wa hospitali hiyo alikuwa daktari J. C. Carothers, aliyeichukua mwaka 1938. Alipoanza hakuwa amesomea magonjwa ya akili, alikuwa daktari wa kawaida wa serikali. Alikuwa na tabia moja ambayo sisi watu wa takwimu huipenda: aliandika na kuhesabu. Alichukua Waafrika waliolazwa Mathari kati ya 1939 na 1943, akawalinganisha na idadi ya watu nchini, na mwaka 1947 akachapisha matokeo. Alisema kichaa ni nadra kwa Mwafrika aliyebaki kwao, na ni kingi zaidi kwa yule aliyetoka kwao kwenda kazini. Juu ya hesabu hizo akajenga nadharia nzima kuhusu akili ya Mwafrika. Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu mwaka 1953, na mwaka 1954 serikali ikachapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau.

Sasa fikirieni kidogo jinsi mistari ya jedwali lake ilivyopatikana. Mgonjwa aliyekuwa kijijini, akilishwa na shangazi zake na kutibiwa na mganga, hakuonekana na darogha yeyote, kwa hiyo hakufika Mathari, kwa hiyo hakuhesabiwa. Kibarua aliyeanza kupiga kelele karibu na stesheni ya Nairobi au kwenye shamba la mzungu alionekana siku hiyo hiyo. Carothers alidhani anapima ugonjwa. Kwa kiasi kikubwa alikuwa anapima ni wapi polisi na maofisa walikuwa wakitazama. Sisi huliita kosa la sampuli, na kwake lilizaa kitabu kilichowatukana mamilioni ya watu kwa jina la sayansi. Wanahistoria wameshaandika mengi dhidi yake. Nimemleta hapa kwa sababu ndiye mfano wetu wa zamani kabisa wa mtu aliyejaribu kutumia data za watu waliopitia mikono ya serikali, akasahau mikono hiyo.

Sheria mpya ilikuja 1949, na baada ya uhuru ikaendelea hadi ilipofutwa na Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyoanza kutumika 1991. Watu wengi hudhani kwamba hapo polisi aliondolewa mlangoni. Hapana. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo, kama kilivyoandikwa wakati ule, kilimpa ofisa wa cheo cha inspekta kwenda juu, mkuu wa kituo, chifu au naibu wa chifu mamlaka ya kumchukua mtu anayeamini ana maradhi ya akili: kama ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, kama anaelekea kufanya mambo ya aibu hadharani, au kama hatunzwi na jamaa zake wanamtesa. Kisha ampeleke hospitali ya akili katika muda wa saa 24 au muda unaofaa. Hayo maneno "muda unaofaa" ni kama kuandika programu ambayo ikishindwa kumaliza kazi kwa saa 24 inaruhusiwa kuendelea tu.

Kwa hiyo yule afande wetu alikuwa na jibu la swali lake ndani ya sheria tangu 1989. Angeweza kuandika: amechukuliwa chini ya kifungu cha 16, saa fulani, apelekwe hospitali. Ila kifungu hicho hakisemi popote kwamba mtu ahesabu. Hakidai ripoti ya mwaka, wala fomu yake pekee, wala jumla. Na OB, kwa wasomaji walio nje ya Kenya, ni daftari la matukio la kila kituo: namba, saa, aina ya tukio, na maelezo kwa maneno ya mwandishi. Likijaa linafungwa, linafunguliwa jingine. Unaweza kuwa na wagonjwa 50 ndani yake kwa mwaka na usiwapate hata ukitafuta siku nzima, kwa sababu mmoja ameandikwa fujo, mwingine ulevi, mwingine uzururaji, mwingine kuharibu mali.

Kuna aina moja tu ya mateso ya akili ambayo daftari lilikuwa na jina lake rasmi kwa muda mrefu, nalo ni kujaribu kujiua. Kwa nini? Kwa sababu Kanuni ya Adhabu, yenye mizizi ya 1930, ililifanya kosa katika kifungu cha 226, na adhabu ikifika kifungo cha miaka 2. Yaani mtu alionekana vizuri kwenye kumbukumbu za polisi pale tu maumivu yake yalipoitwa jinai. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi, ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nilifurahi kama wengine. Baadaye mwandishi wa programu ndani yangu akauliza: safu hiyo ikifutwa, mtu aliyeokolewa darajani na askari saa nane za usiku ataandikwa wapi?

Tumewahi kuhesabu mambo magumu zaidi ya haya. Mwanzoni mwa Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiuliza kama kuna wataalamu wanaoweza kuweka matukio ya ghasia kwenye ramani. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaitengeneza kwa siku chache, wakaiita Ushahidi. Mwananchi alituma ujumbe mfupi au alijaza fomu kwenye wavuti, na tukio likaonekana kwenye ramani. Ushahidi baadaye ilitumiwa katika tetemeko la Haiti la 2010 na kwingineko duniani. Wale walioingia kwenye kazi hii miaka ile, kama mimi, wanakumbuka fahari tuliyoipata.

Baada ya Katiba ya 2010 ikaja IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, kwa sheria ya 2011. Polisi wanatakiwa kuiarifu kuhusu kifo au jeraha baya lililotokana na kazi yao au lililotokea mtu akiwa mikononi mwao. Gazeti la Nation lilianzisha databesi yake ya watu waliouawa na polisi, ikianzia vifo vya 2015. Kituo cha haki cha Mathare, mtaa ule ule ulio jirani na hospitali, kilitoa mwaka 2017 ripoti ya mauaji katika mitaa yao. Muungano wa Missing Voices, uliozaliwa 2018, hutoa hesabu kila mwaka. Kwa mwaka 2024 ulirekodi watu 104 waliouawa na polisi na 55 waliopotezwa. Hii ni kazi ya ujasiri na siwezi kuibeza. Lakini imejengwa kuhesabu waliokufa na waliopotea, na hao ni ncha ya jambo. Kijana wa jirani yangu alirudi nyumbani hai, mikono imevimba kwa pingu, na tukio lake halikuwa na pa kuingia.

Huko Marekani waliiongeza safu, na mfano ninaoutaka unamhusu mtu wa kwetu. Kuanzia Januari 2015 hadi mwisho wa 2024 gazeti la Washington Post liliandika kila mtu aliyepigwa risasi na kufa kwa mkono wa polisi, na kwenye jedwali lao kulikuwa na safu ya ndiyo au hapana: je, alionyesha dalili za ugonjwa wa akili? Kwa miaka hiyo 10, takriban mtu mmoja kati ya watano alikuwa "ndiyo". Safu moja tu, na mjadala wa nchi ukapata namba ya kusimamia.

Alfred Olango alikuwa mkimbizi kutoka Uganda, mwenye miaka 38. Tarehe 27 Septemba 2016, mjini El Cajon, California, dada yake alipiga simu polisi akiomba msaada kwa sababu kaka yake hakuwa sawa. Walipofika, muda mfupi tu baadaye mmoja wao alimpiga risasi akafa. Alichokuwa ameshika mkononi ni sigara ya kielektroniki. Januari 2017 mwendesha mashtaka alitangaza kwamba ofisa huyo hatashtakiwa. Sasa jazeni ile safu. Dada kwenye simu alisema kaka ni mgonjwa wa akili. Baadaye wakili wa familia alisema Olango hakuwa mgonjwa, alikuwa amevunjika moyo kwa kufiwa na rafiki yake mkubwa. Ndiyo au hapana? Safu ya ndiyo na hapana haina nafasi ya huzuni. Hapo ndipo nilipokumbuka cheti cha 1858: andika ulichoona, andika ulichoambiwa, na mwache daktari aseme jina la ugonjwa.

Uingereza nao wamefanya kitu ambacho naona kinatufaa zaidi, kwa kuwa hakisubiri mtu afe. Huko Uingereza na Wales polisi wakimchukua mgonjwa chini ya kifungu cha 136 cha sheria yao ya 1983, hurekodi alipelekwa wapi na kwa gari gani, na kama ni gari la polisi, kwa nini halikuwa ambulensi. Serikali huchapisha jumla zake kila mwaka tangu mwaka ulioishia Machi 2017. Haya ni maswali ya kuchosha kabisa, na ndiyo yenye thamani.

Kwetu, serikali imezungumzia OB ya kidijitali kwa miaka kadhaa. Mimi naiunga mkono. Hofu yangu ni kwamba watachukua lile daftari na kulihamishia kwenye skrini na safu zake zile zile, na afande atauliza swali lile lile akiwa na kibodi. Pia kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayohesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kinoo ni ndogo. Ukiandika tarehe, stegi na umri, umeshamtaja mtu, na mwenye nyumba au mwajiri akiiona hiyo rekodi hatahitaji jina.

Basi nimeanza kuchora jedwali kwa muda wangu wa jioni. Halina safu ya jina wala ya ugonjwa. Lina saa ya kuchukuliwa, nani aliita polisi, alichoona polisi, alichoambiwa na jamaa, kama cheti kilionyeshwa, pingu au nguvu iliyotumika, kifungu cha sheria, alipelekwa wapi, kwa gari la nani, na saa aliyofika. Mahali panaandikwa kaunti tu, na kwa matumizi ya nje tarehe inakatwa ibaki mwezi. Wakili akisoma hapa na kuona nimekosea, aniandikie.

Nilimwonyesha mama yake kijana kwenye laptopu. Alivaa miwani, akapitia safu moja moja kwa kidole. Akauliza, "Mbona hakuna pa kuandika alirudi nyumbani lini?" Nimeiongeza. Kisha akatoa kwenye pochi ile karatasi yenye namba ya OB, tukajaza mstari wa kwanza pamoja. Alichukuliwa saa tano na robo usiku. Alichoona polisi: anahutubia magari. Alichoambiwa: ni mgonjwa, dawa zimeisha siku ya nne. Cheti: ndiyo. Pingu: ndiyo. Kifungu: hakuna. Gari: teksi, imelipwa na mama. Alifika hospitali kesho yake saa kumi jioni. Alirudi nyumbani baada ya siku 19.